Tiba ya sindano ya Kichina: wanayotuchoma leo ndiyo ileile ya vitabu vya kale?

#1 Msafiri wa Kigamboni

Wakuu, habari za jioni. Naomba kueleweshwa jambo ambalo limenikaa kichwani kwa miezi 2 sasa.

Nina maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Dawa za kutuliza maumivu zilipoanza kuniharibu tumbo, nilikwenda kwenye kituo kimoja cha tiba ya viungo, nikachomwa sindano kwa awamu 6. Kila mara mambo yalikuwa yaleyale: nalala kifudifudi, mtaalamu anapima kwa vidole, anaingiza sindano 10 au 12 nyembamba kama unywele, anaweka saa ya dakika 25, kisha anakwenda kumhudumia mgonjwa wa chumba cha pili. Nafuu nimeipata, sikatai.

Kwa kuwa napenda kujua chanzo cha kila kitu ninachofanyiwa mwilini, nilitafuta tafsiri ya Lingshu, yaani nusu ya pili ya Huangdi Neijing (Kitabu cha Ndani cha Mfalme wa Manjano), kitabu kikuu cha tiba ya Kichina kilichokusanywa zama za utawala wa Han, takriban miaka 2,000 iliyopita. Nilichokikuta humo kimenishangaza. Sura ya 1 inataja sindano za aina 9: ipo yenye kichwa kama cha mshale kwa ajili ya ngozi, ipo butu ya kubonyezea ambayo haitoboi kabisa, ipo bapa kama upanga ya kupasulia majipu, na ipo ndefu ya cun 7, ambazo kwa kipimo cha zama hizo ni kama sentimita 16. Sura ya 12 nayo inasema kwamba kwenye mshipa uitwao yangming wa mguu (mmoja wa mishipa 12 ya tiba hiyo) sindano iingie fen 6 (fen 10 ni cun 1) na ikae kwa pumzi 10, na kwamba kwenye mishipa ya mkono isizidi fen 2 wala isikae zaidi ya pumzi 1.

Pumzi 1, wakuu, nami nawekewa dakika 25. Nani alibadilisha, lini, na kwa sababu gani? Tena je, tuna haki ya kuuita mtindo wa leo tiba ya kale?

#2 Nesi wa Tanga

Ndugu Msafiri, pole na kiuno. Jibu langu ni kwamba ilibadilishwa na serikali ya China katika miaka ya 1950. Baada ya mwaka 1949 nchi ilikuwa na watu wengi mno na madaktari wachache mno, kwa hiyo tiba ya jadi ilichukuliwa, ikapangwa upya, ikaandikiwa vitabu vya kiada, na mwaka 1956 vikaanzishwa vyuo 4 vya kuifundisha, katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Ukitaka kufundisha maelfu ya watu kwa haraka, huwezi kubaki na mambo ambayo mwalimu mmoja humrithisha mwanafunzi mmoja kwa miaka 10. Kilichotoka vyuoni humo ndicho kilichosambaa duniani na kutufikia sisi.

#3 Aliyesoma Nanjing

Dada Nesi amegusa kweli, lakini ameanzia katikati ya safari. Nilisoma tiba hii China kwa miaka 5, na historia yake ilinivutia kuliko hata masomo ya wodini, kwa hiyo niruhusuni niirudishe nyuma kidogo.

Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliiondoa tiba ya sindano katika chuo cha waganga wa ikulu, kwa hoja kwamba kumchoma mfalme sindano na kumuunguza kwa moto si jambo la heshima. Mwaka 1929 daktari Yu Yunxiu, aliyesomea Japani, alipeleka pendekezo la kuifuta tiba ya jadi yote, na waganga wakakusanyika Shanghai tarehe 17 Machi kulipinga. Tiba hii iliingia karne ya 20 ikiwa imedhalilishwa, na wengi waliobaki nayo walikuwa watu wa mitaani.

Hapo ndipo alipotokea Cheng Dan'an, mzaliwa wa eneo la Wuxi. Mwaka 1931 alichapisha kitabu cha tiba ya sindano ambamo pointi za kuchomea zilielezwa upya kwa kufuata anatomia ya kisasa. Kisha katikati ya miaka ya 1930 alikwenda Japani kuona wenzao wanavyofundisha. Katika mfumo wake pointi ziliepushwa na mishipa ya damu, sindano nene ziliachwa na zile nyembamba zikashika nafasi, na maelezo yakaegemea neva. Baada yake akaja Zhu Lian, mwanamke aliyekuwa daktari katika jeshi la Wakomunisti, ambaye kitabu chake cha mwaka 1951 kilikwenda mbali zaidi na kueleza karibu kila kitu kwa mfumo wa fahamu. Serikali ilipofungua vyuo ilikuta nyumba imekwisha kujengwa nusu.

Kwa hiyo, ndugu Msafiri, sindano yako nyembamba kama unywele ni ya Cheng Dan'an kuliko ya Mfalme wa Manjano.

#4 Kitabu Kikuukuu

Salamu kwenu. Bandiko la 3 ni zuri, lakini linamwacha msomaji akidhani kwamba kabla ya mwaka 1822 watu walikuwa wakichoma kama Lingshu inavyosema. Sivyo.

Mwaka 1757 daktari Xu Dachun aliandika insha kamili ya kusikitikia kupotea kwa tiba ya sindano. Anasema watu wa kale walikuwa na sindano 9 lakini wa zama zake wamebaki na sindano za kawaida tu. Kwamba wa kale walitoa damu nyingi pale ugonjwa ulipodai, ilhali wa zama zake damu ikichuruzika kidogo mgonjwa na mganga wote wawili wanababaika. Kwamba wa kale walizingatia majira ya mwaka na kina cha tishu, ilhali wa sasa wanapima umbali kwa cun na kuchoma. Zingatieni kwamba malalamiko ya ndugu Msafiri yaliandikwa kabla hata Daoguang hajazaliwa.

Wala serikali kushika kalamu na kusanifisha si jambo la miaka ya 1950 pekee. Mwaka 1027, zama za Song, Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu 2 za watu za shaba nyeusi zenye matundu mahali pa pointi. Inaelezwa kwamba sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji, na mwanafunzi akitakiwa kuchoma pointi fulani kwenye mtihani, akilenga sawasawa maji yalitoka, akikosea sindano iligonga shaba. Huo ni mtihani wa taifa, miaka zaidi ya 900 kabla ya Mao.

#5 Mtoto wa Malindi

Shikamooni wakubwa. Malindi yangu ni ile ya Unguja, msije mkanipeleka Kenya.

Zanzibar tumekuwa na madaktari wa Kichina tangu mwaka 1964, timu zinazotoka jimbo la Jiangsu, na marehemu baba yangu alichomwa sindano na mmoja wao nikiwa mtoto wa miaka 9. Nilikuwepo chumbani. Yule daktari hakuwa na haraka. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akaweka kidole gumba cha mkono wa kushoto kwenye goti la baba na kubonyeza, akasogeza, akabonyeza tena, mpaka baba akashtuka na kusema "Hapo!" Ndipo mkono wa kulia ulipoleta sindano. Aliizungusha taratibu huku akimtazama baba usoni, si gotini. Baba alisema mguu ulikuwa mzito kama umejazwa maji mpaka kifundoni. Sindano haikukaa muda mrefu, na daktari hakuondoka.

Mimi naona tofauti kubwa haiko kwenye vitabu bali kwenye mkono wa mchomaji. Hii ni sayansi ya miaka 5,000. Haiwezi kufutwa na kitabu kimoja cha mwaka 1931.

#6 Kitabu Kikuukuu

Mtoto wa Malindi, umetuletea jambo la thamani, na nitalirudia. Lakini ile miaka 5,000 lazima niisahihishe.

Mwaka 1973, huko Mawangdui karibu na mji wa Changsha, lilifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 KK, na ndani yake mlikuwa na maandishi ya tiba yaliyoandikwa juu ya hariri. Yanataja mishipa 11, si 12, na dawa yake ni kuunguza kwa moksa, yaani majani makavu ya jamii ya pakanga. Katika maandishi hayo ya mishipa hakuna pointi zenye majina, wala sindano haitajwi kama tiba yake. Kwa upande mwingine, katika kaburi la mwana wa mfalme Liu Sheng, aliyefariki mwaka 113 KK na kuzikwa ndani ya vazi la vipande vya jade, zilikutwa mwaka 1968 sindano 4 za dhahabu na nyingine za fedha zilizovunjika. Sindano kwa mfumo tunaoujua zinajitokeza katikati ya karne hizo 2 za mwisho kabla ya Kristo. Vipande vya mawe vyenye makali vilikuwepo zamani zaidi, lakini kupasua jipu kwa jiwe hakujawa bado tiba ya mishipa 12.

Ama lile neno "Hapo!" la marehemu mzee, lina historia yake. Sun Simiao, daktari wa karne ya 7, anaeleza kwamba ukibonyeza na mgonjwa akasema "a shi", yaani "ah, ndipo", basi choma papo hapo bila kujali kama pana pointi yenye jina. Mpaka leo pointi za namna hiyo huitwa ashi. Kwa hiyo daktari wa Unguja alikuwa akifuata mila ya miaka zaidi ya 1,300, hata kama vitabu vyake vya chuoni vilichapishwa baada ya mwaka 1956. Nayo Lingshu inasema katika sura ileile ya 1 kwamba kiini cha kuchoma ni qi (nguvu ya uhai inayosemwa kupita kwenye mishipa) kufika, na inapofika, athari yake ni kama upepo unaopeperusha mawingu.

#7 Hesabu Kwanza

Naomba kuongeza hesabu kwenye bandiko la 1. Lingshu hiyohiyo, sura ya 15, inasema mtu huvuta pumzi 13,500 kwa usiku na mchana. Sekunde 86,400 tukizigawa kwa 13,500 tunapata sekunde 6.4 kwa pumzi. Kwa hiyo pumzi 10 za yangming ni sekunde 64, na pumzi 1 ya mkono ni sekunde 6 na kidogo. Kwa kina, cun ya zama za Han ilikuwa karibu sentimita 2.3, hivyo fen 6 ni karibu milimita 14 na fen 1 ni milimita 2.3. Dakika 25 ni mara 23 ya muda mrefu kuliko wote uliotajwa katika orodha ile.

#8 Aliyesoma Nanjing

Ndugu Hesabu, hesabu ni sahihi lakini orodha ile isichukuliwe kuwa sheria ya kila mgonjwa. Sura ya 10 inasema wazi kwamba penye joto sindano iende haraka, na penye baridi iachwe. Kiuno cha muda mrefu kinachozidi asubuhi na kulegea kikipata joto, mganga wa kale angeweza kukiita cha baridi na kuiacha sindano. Hakuna aliyesema dakika 25, lakini pia hakuna aliyesema sekunde 64 kwa kila mtu.

#9 Mwalimu wa Sarufi

Wapendwa, nimesoma kimya mpaka hapa, lakini nimeona neno moja ambalo mnalitumia vizuri bila kujua uzito wake. Mnasema "mshipa".

Neno la Kichina ni mai. Katika lugha za Ulaya lilipata balaa: Mfaransa George Soulié de Morant, aliyekuwa mwanadiplomasia China, alilitafsiri kwa neno la wanajiografia linalotaja mistari ya kufikirika inayotoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, na qi akaiita nishati. Tangu hapo watu wa Ulaya na Marekani wanatafuta mistari isiyoonekana yenye umeme usiopimika, kisha wanashangaa hawaipati mwilini.

Sasa tazameni Kiswahili chetu. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa wa fahamu ni neva. Mtu akikakamaa shingo husema mishipa imemkaza, naye anazungumzia kano na misuli. Na watu wa pwani wakisema fulani ana mshipa, wanamaanisha ngiri. Neno moja limebeba damu, fahamu, kano na ugonjwa wa kinena, na hakuna Mswahili anayechanganyikiwa. Mganga wa zama za Han naye alizungumza hivyohivyo. Nendeni kwenye sura ya 10 ya Lingshu, kwenye mshipa wa ini, mtazame dalili zake: kiuno kinachouma mpaka mtu hawezi kuinama wala kuinuka, na kwa wanaume, uvimbe wa ngiri. Bibi yangu wa Pangani angeisoma sentensi hiyo na kusema, "Huyu ana mshipa," na asingehitaji ramani ya mistari 12.

Ninaamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya kale na leo imetengenezwa na wafasiri. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunaweza kuanza upya na neno bora zaidi.

#10 Aliyesoma Nanjing

Mwalimu, shikamoo, na asante. Nimeshuka basi nikarudia kulisoma bandiko lako nikiwa nimekaa kituoni. Nina pingamizi 1 tu. Mshipa wetu haufanyi duara. Lingshu inaichukua mishipa 12 na kuiunganisha mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwingine, inaipima, na katika sura ya 17 inajumlisha urefu wa mishipa yote kuwa zhang 16 na chi 2, yaani cun 1,620. Huo ni mfumo uliotungwa na watu waliopenda hesabu, na una mahali ambapo mstari unapita na hakuna njia ya damu wala neva inayolingana nao. Neno lako linafaa zaidi kwa Mawangdui, ambako mishipa 11 bado haijaunganishwa, kuliko kwa Lingshu.

Je, qi utaiitaje? Ukisema "upepo", nusu ya pwani watadhani mtu amepandwa na pepo.

#11 Mwalimu wa Sarufi

Marahaba, mwanangu. Qi ningeiita pumzi, na ningekubali kwamba hainitoshelezi.

#12 Mpiga Chuku wa Mvita

Assalaam alaykum. Mimi kazi yangu ni kuumika, ambayo siku hizi vijana wanaiita hijama tu, na nimeifanya Mombasa kwa miaka 18. Nimesubiri mtu aizungumzie damu kwa mapana, nikaona Kitabu Kikuukuu ameigusa na kuipita.

Kitabu cha Suwen, ambacho ni nusu ya kwanza ya Neijing, kina sura nzima, ya 41, kuhusu maumivu ya kiuno, ugonjwa wa ndugu Msafiri hasa. Moja ya tiba zake inamwagiza mganga aangalie nyuma ya goti, penye vijishipa vilivyojifunga kama punje za uwele, avichome, damu itoke nyeusi kwa kasi, na aache anapoona imekuwa nyekundu. Nilipoisoma sentensi hiyo mara ya kwanza nilimwita mke wangu aje aione. Marehemu mwalimu wangu, ambaye hakujua kusoma Kichina wala Kiingereza, alinifundisha maneno yaleyale: mgonjwa wa kiuno msimamishe, mgeuze, tazama nyuma ya goti kwa mwanga wa dirishani, na usiache kwa kuhesabu vikombe, acha kwa rangi.

Leo pointi hiyo inaitwa Weizhong, na wengi wanaichoma kwa sindano ya unywele na kuiacha bila tone 1 la damu. Nasema kwa heshima kwa walioko vyuoni: mmeuweka ule mlango na mkaondoa kilichokuwa kikipita mlangoni. Cheng Dan'an alipoepusha pointi na mishipa ya damu, aliondoa nusu ya tiba.

#13 Nesi wa Tanga

Mzee wa Mvita, shikamoo. Jina lako lingeweza kumfanya mtu asiyekujua adhani unatia chumvi, lakini bandiko lako nimelisoma mara 2 na nimejifunza.

Hata hivyo, naomba tusimlaumu Cheng Dan'an kana kwamba alikuwa mharibifu. Wazee wa Han hawakujua vijidudu, na sindano moja ilitumika kwa watu wengi. Homa ya ini aina ya B imekwisha kupita kwa njia hiyo hata katika zama zetu, pale sindano zilipotumika tena bila kutakaswa ipasavyo. Sindano nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, iliyofungwa kwenye pakiti yake na kutupwa baada ya matumizi ya mara 1, imeokoa watu. Mimi mwenyewe nimemhudumia kijana aliyechanjwa mgongoni kwa wembe wa pamoja akaoza kidonda.

#14 Mpiga Chuku wa Mvita

Marahaba mwanangu. Hapo tuko pamoja kabisa. Vifaa vyangu vyote ni vya mtu 1 kwa mara 1, na mgonjwa mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda simgusi. Nilichosema ni kwamba usafi haukulazimisha damu iachwe. Ulilazimisha chombo kibadilishwe.

#15 Daktari wa Kiungo

Habari za kazi. Naona mjadala unakwenda kana kwamba cha kale ndicho bora na swali ni kiasi gani tumepoteza. Mimi nauliza: kinafanya kazi?

Ujerumani waliendesha majaribio makubwa yajulikanayo kama GERAC. Yale ya kiuno, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalihusisha wagonjwa 1,162. Kundi la kwanza lilichomwa kwenye pointi za Kichina, la pili lilichomwa juu juu nje ya pointi kama kiini macho, la tatu lilipata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, asilimia 44.2 na asilimia 27.4. Maana yake kuchomwa kuliwasaidia wagonjwa kuliko tiba ya kawaida, lakini mahali pa kuchoma palileta tofauti ndogo mno. Kama pointi zenyewe hazina uzito huo, basi ugomvi kuhusu nani alizihamisha mwaka 1931 ni ugomvi kuhusu samani ndani ya nyumba isiyo na msingi.

Na tuondoe hadithi moja kabla haijaletwa humu: mwandishi wa habari wa Marekani James Reston, mwaka 1971 mjini Beijing, hakupasuliwa kwa ganzi ya sindano za Kichina. Alitolewa kidole tumbo kwa ganzi ya kawaida ya dawa, na sindano alichomwa baadaye kwa ajili ya tumbo lililomjaa gesi. Makala yake ilisomwa vibaya, na wimbi la Magharibi likaanzia hapo.

Kwa upande wa usalama nawapa wazee wa kale haki yao. Suwen sura ya 52 inaonya kwamba anayetoboa mapafu kwa sindano mgonjwa wake atakufa siku ya 3. Kutoboka kwa pafu bado ni miongoni mwa madhara makubwa yanayoripotiwa mpaka leo. Walikuwa wamekwisha kuliona.

#16 Kitabu Kikuukuu

Daktari, takwimu zako ni sahihi, na ninaziheshimu. Lakini tazama kilichofanywa kwenye kundi la pili: kuchoma juu juu. Ndugu Hesabu ametuonyesha kwamba fen 1 ni milimita 2.3, na Lingshu inaagiza kina hichohicho kwenye mshipa wa jueyin wa mguu, ambao ndio mshipa wa ini, wenye kiuno kisichoinama. Huko Japani, tangu zama za Sugiyama Waichi, mganga kipofu wa karne ya 17 aliyesifika kwa kuchoma kupitia kijimrija, imekuzwa mila nzima ya sindano zinazogusa ngozi kidogo tu. Kwa hiyo kile ambacho watafiti walikiita kiini macho, mganga wa Kyoto angeweza kukiita tiba, na hata mtu wa Han asingekikana moja kwa moja. Jaribio lile lililinganisha mtindo wa vyuo vya karne ya 20 na kitu kinachofanana na mtindo mwingine wa kale. Halijaujibu uzi huu.

#17 Daktari wa Kiungo

Hoja yako ina nguvu na pia ina hatari. Ikiwa kuchoma ndani ni tiba na kuchoma juu juu ni tiba, kwenye pointi ni tiba na nje ya pointi ni ashi, basi hakuna jaribio lolote linaloweza kukushinda, na nadharia isiyoweza kushindwa mimi siwezi kumwandikia mgonjwa.

#18 Hesabu Kwanza

Hata idadi ya pointi haikutulia. Neijing ina majina karibu 160. Kitabu cha Huangfu Mi cha karne ya 3 kina pointi 349. Wang Weiyi wa bandiko la 4 alikuwa na 354. Shirika la Afya Duniani linatambua 361. Mwenye kudai kwamba kulikuwa na tiba 1 ya kale iliyokamilika, aseme ni ya mwaka gani.

#19 Mtoto wa Malindi

Nimekubali kusahihishwa kuhusu miaka 5,000, na namshukuru Kitabu Kikuukuu. Lakini Daktari, katika majaribio hayo, mchomaji alikaa kitini au alitoka chumbani? Kama alitoka, basi hamkupima alichofanyiwa baba yangu.

#20 Msafiri wa Kigamboni

Wakuu, nimerudi. Jana nilikuwa na awamu ya 7, na nilimwonyesha mtaalamu wangu uzi huu kwenye simu kabla ya kupanda kitandani. Hakukasirika. Alisema alisoma kozi ya miezi michache na humo hakuna aliyemwambia habari za pumzi.

Nilimwomba atazame nyuma ya goti. Alivuta taa, akatazama, akanipiga picha nijionee mwenyewe: vijishipa vya bluu iliyoiva vimejikunja upande wa kulia, kweli kama punje. Alikataa kuvitoa damu kwa kuwa hakufundishwa, nami nilimheshimu kwa hilo. Badala yake aliosha mikono upya, akaketi, na kuanza kubonyeza kwa gumba kutoka gotini kushuka chini. Mahali fulani chini ya goti la kulia niliruka na kusema "Hapo!" bila kukusudia. Alichoma hapo, akaishika sindano yeye mwenyewe, nami nikahesabu pumzi 10 kwa sauti. Kwenye pumzi ya 4 uzito ulishuka mpaka kifundoni, kama alivyosema marehemu mzee wa Malindi. Kisha akaitoa, akachoma zile za kawaida na kuweka saa ya dakika 25.

Leo asubuhi upande wa kulia ni mwepesi. Wa kushoto uko vilevile. Awamu ya 8 ni Alhamisi.

#21 Daktari wa Kiungo

Hongera kwa nafuu, ndugu yangu. Tafadhali andika maumivu yako kutoka 0 mpaka 10 kila asubuhi, kulia na kushoto, kuanzia kesho, na uandike kabla ya kwenda Alhamisi. Na vile vijishipa mwonyeshe daktari, kwa sababu vinaweza kuwa vya kwao wenyewe na visihusiane na kiuno.

#22 Kitabu Kikuukuu

Ndugu Msafiri, ile pointi ilikuwa upande wa mbele wa mguu, kando ya mfupa, au upande wa nje? Kama ni mbele, ni yangming, na pumzi 10 ni sawa. Kama ni nje, ni shaoyang, na huko sura ya 12 inasema fen 4 na pumzi 5.

#23 Msafiri wa Kigamboni

Upande wa nje. Alhamisi nitahesabu 5.